Maswali ya Wasomaji: Msamaria Mwema Kavaa Fulana ya Konda

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Morogoro, nina steshenari ndogo na nasaidia kitengo cha midia kanisani kwetu. Pasaka iliyopita niliunganisha picha kwenye kompyuta, Msamaria Mwema wa siku hizi: dereva bodaboda kaporwa kapigwa yuko chini, kuhani nimemweka kwenye V8 ya vioo vyeusi inapita zake, Mlawi anapiga selfi, anayemwinua majeruhi ni konda wa daladala. Vijana waliipenda sana ila mzee mmoja wa kanisa akasema nimedhihaki Neno, picha ikashushwa. Kweli nimedhihaki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujadhihaki. Ila nina neno na huyo konda wako, nitamfikia.

Kwanza usimnunie mzee, hilo swali lake ni la zamani mno. Mwaka 1573 kule Venice, mchoraji Paolo Veronese alimaliza Karamu ya Mwisho ya Bwana kwa ajili ya ukumbi wa kulia wa watawa, picha kubwa ya ukuta mzima, na akaijaza watu wa mjini kwake wa wakati ule ule: askari wa Kijerumani na silaha zao, mchekeshaji kashika kasuku, mtumishi anatokwa damu puani, na mbwa pale mbele kabisa. Baraza la kanisa la kuchunguza wazushi likamwita, hawa wote wanatafuta nini kwenye meza ya Bwana? Akajibu kwamba wachoraji nao wana uhuru kama walionao washairi na vichaa, aisee, majibu ya kuwapa watu wanaoweza kukufunga! Wakampa miezi mitatu arekebishe kwa hela yake mwenyewe. Akabadilisha jina tu, ikawa Karamu Nyumbani kwa Lawi, ile ya Luka 5 ambayo watoza ushuru wamejaa mezani, na mpaka leo ipo hapo hapo Venice, kwenye makumbusho ya Accademia, mbwa yupo kasuku yupo.

Sasa kwenye fani yako yenyewe ya kukata na kuunga, mtu wa kumtazama ni Romare Bearden, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Charlotte, North Carolina mwaka 1911, akakulia Harlem, New York. Mwaka 1963, harakati za haki za raia zikiwa moto, yeye na wasanii wenzake weusi walianzisha kundi wakaliita Spiral, akawashauri watengeneze kazi moja ya pamoja kwa kukata picha za magazeti, wenzake hawakuchangamka, basi akaendelea mwenyewe. Mwaka uliofuata zikatoka kazi ambazo zimempa jina hadi leo, mojawapo inahusu ubatizo, watu weusi wa kusini mwa Marekani wako mtoni. Ukiitazama kwa karibu unaona uso mmoja umeungwa vipande vipande, hapa jicho la mtu kutoka gazetini, pale kipande cha kinyago cha Afrika, na mikono haiendani na miili. Karatasi yenyewe ni kama A4 tu, halafu kazi za namna hiyo akawa anazipiga picha na kuzikuza nyeusi na nyeupe mpaka zinakuwa za kubandika ukutani. Na maungio hakuyaficha! Ninyi wa kompyuta mnakesha kulainisha kingo ili mtu asijue pameungwa wapi, yeye aliacha mkasi uonekane, ndo maana ukiangalia ule mto unaona Yordani na Carolina na Afrika kwa mpigo na hakuna hata sehemu moja inayomezwa na nyingine.

Haya, konda. Nimeiangalia picha yako vizuri, V8 umeipatia, Mlawi wa selfi umempatia sana, lakini konda ni mtu ambaye sisi tunagombana naye chenji tu, hatumchukii. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani kabisa. Soma Luka 10 mpaka mwisho wa kile kisa, Yesu anamuuliza mwanasheria ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani, jamaa anashindwa hata kulitaja lile kabila, anaishia kusema ni huyo aliyemwonea huruma. Kwahiyo nafasi ya konda inamtaka mtu ambaye mzee wako mwenyewe, na wewe pia, mngeona tabu kupandishwa kwenye gari lake mkiwa mnavuja damu. Shabiki wa timu pinzani haitoshi jamani, hata Simba na Yanga wanaoana. Nani hasa? Hilo mnalijua huko kwenu mtaani, na ukimpata huyo mtu picha yako itauma, na watakaokasirika watakuwa wengi zaidi ya mzee mmoja. Lakini hapo watakuwa wamekasirishwa na kisa chenyewe, maana nadhani hata yule mwanasheria hakuondoka anacheka.

Mimi hapo ndo napima kazi za namna hii zote. Kumvalisha Petro jinzi na kumpa simu janja yeyote anaweza. Nataka picha inirudishe kwenye aya nikute kitu nilikuwa nakipita.

Halafu kuna kosa la ufundi, konda kivuli chake kimelala kulia na gari kivuli chake kimelala kushoto. Nenda katazame Mt. Mathayo akiitwa, ya mchoraji wa Kiitaliano Caravaggio, alichora 1599 hadi 1600 kwa ajili ya kanisa moja Roma, watu wamekaa mezani na nguo za mtaani za Roma ya siku zile wanahesabu hela, dirisha lipo ukutani ila mwanga hautoki dirishani, unatokea kulia, upande ule ule anaoingilia Yesu. Mwanga tu umeshakuhubiria.

Mzee mpelekee picha mpya kabla hujaibandika, uiprinti, ukae naye na Biblia mkononi.

SWALI: Kwenye grupu letu la wasapu imesambaa picha ya setilaiti inaonyesha Bahari ya Shamu imegawanyika na watu wanavuka, wanasema ni ushahidi. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Setilaiti ya kwanza ilirushwa 1957, Musa hakusubiri. Kama ni ile ninayoifikiria, hiyo ni sanaa: kundi la The Glue Society la Australia lilitengeneza picha nne zinazofanana na za Google Earth, bustani ya Edeni, safina ya Nuhu, Bahari ya Shamu na kusulubiwa, wakazionyesha kwenye maonyesho ya Pulse kule Miami mwaka 2007. Hawakudanganya mtu, aliyeiondolea maelezo na kuiforwadi ndo kadanganya. Mimi nazipenda, unavitazama vile visa kutoka juu kabisa, hakuna sura ya mtu hata moja inayokuambia ulie wapi.

SWALI: Naruhusiwa kutumia picha za Google kuunga visa vya Biblia nikauza kalenda? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapana, kuonekana Google haina maana kwamba haina mwenyewe, na kwa Tanzania kuna sheria ya hakimiliki ya 1999, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakuelekeze kabla hujalipia mashine. Njia rahisi toka na simu yako upige mwenyewe, mawe, ziwa, mitumbwi, watu wako uwaombe ruhusa na uwaambie wanakuwa nani, maana usije ukachukua muuza samaki wa watu pale Kirumba ukamfanya Yuda akajiona ukutani kwa jirani Januari. Ukikosa wa kukubali kuwa mtu mbaya jipige wewe, Caravaggio alipotaka kichwa cha Goliathi kilichokatwa alichora cha kwake.