Usilipe Jino Jina Kabla ya Kujua Lilikaa Wapi

Msomaji ametutumia picha ya jino la kisukuku lenye nguzo tatu, yaani sehemu tatu zilizopangana mstarini, na tayari keshaliita gego la mwisho la swala mdogo asiyejulikana. Haraka ya nini? Nguzo tatu hazitoshi.

Kwa wanyama wenye kwato shufwa, kama swala na nguruwe, meno mawili ya taya la chini huwa na nguzo tatu: gego la 3 la mnyama mzima, na gego la 4 la mbele la utotoni. Kwenye gego la 3, nguzo ya ziada iko nyuma, nayo ni ndogo kuliko wenzake. Kwenye jino la utotoni nguzo hukua kuelekea nyuma, ndogo ikitangulia. Enameli (tabaka gumu la nje la jino) ni nyembamba, taji (sehemu iliyo juu ya mizizi) fupi, mizizi imetanuka kulipisha jino la kudumu linaloota chini yake. Jino la kwenye picha ile lina dalili hizi za utotoni, basi ni la ndama. Ukikosea hapa unazua spishi kibete ambayo haikuwahi kutembea duniani.

Nafasi ikishajulikana, geukia uso wa kutafunia. Nundu za mviringo ni za nguruwe. Hilali zilizolala kufuata urefu wa taya ni za swala, ngamia na twiga, ila twiga ana taji fupi na enameli iliyokunjamana. Matuta makubwa yanayokatiza jino ni ya kifaru.

Farasi ndio huwaponza wengi. Kwenye gego la juu, tafuta kisiwa cha enameli upande wa ulimi: kikijitenga, ni hiparioni, farasi wa kale aliyetoweka; kikiungana na jino, ni Equus, jenasi ya farasi na punda milia wa leo. Lakini hiparioni mzee, jino likisagika hadi karibu na mizizi, kisiwa nacho huungana. Kwa hiyo pima kwanza taji lililobaki. Uwiano wa kimo cha taji kwa upana wake, unaoonyesha kama taji ni refu au fupi, hupimwa kwenye gego la 3 la chini ambalo halijasagika. Jino lililochakaa litakudanganya kwamba mnyama alikuwa na taji fupi.

Na msiwadharau nguruwe. Gego lao la 3 lilirefuka kadiri vizazi vilivyopita, hivyo urefu wake husaidia kukadiria umri wa tabaka. Huko Koobi Fora, Kenya, tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS lilipewa miaka milioni 2.6, lakini magego ya nguruwe ya hapo yakalingana na yale ya Omo, Ethiopia, ya miaka kama milioni 2. Majivu yalipopimwa upya, umri ukashuka hadi karibu milioni 1.9.