Kufunga 2C-T kwenye Corolla 110: achana na injini ya Townace, tafuta gari la kuchinja

Mkuu, umeuliza hivi: una Corolla 110 yenye injini ya petroli 5A-FE, injini imenoki, kuna mtu anakuuzia 2C-T, dizeli yenye tabo, iliyotolewa kwenye Townace kwa bei poa, na fundi wako hapo Singida amesema inaingia bila shida. Nakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu natembelea Carina Ti iliyotoka kiwandani na 5A-FE na leo ina 2C-T chini ya boneti. Niko Dodoma, safari zangu kubwa ni Kondoa, Mpwapwa na Iringa, mara nyingi nikiwa na mzigo.

Hiyo ya Townace achana nayo. Yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila Townace na Liteace zinasukumwa na matairi ya nyuma, injini imelala chini ya viti ikielekea mbele. Corolla yako inavutwa na matairi ya mbele na injini inakaa mkingamo. Kwa hiyo sampu (bakuli la oili) ni nyingine, mkono wa kunyonyea oili ni mwingine, na mabano ya maunti (vishikizo vya injini), manifoldi na mahali tabo inapokaa navyo havitakubali. Fundi mkali ataviunganisha kwa kukata na kuchomelea, lakini hesabu yake ikifika mwisho utakuta umelipa bei ya injini mbili. Maandishi ya 2C-T kwenye bloku yanakutajia ukoo tu. Hayakuambii injini ilikuwa imevalishwa nini.

Jibu la nini kinaingia wapi Toyota walishaliandika kwenye kibao cha chasisi. Herufi ya kwanza ni ukoo wa injini. AE110 ni petroli ya ukoo wa A, EE111 ni petroli ya ukoo wa E, na CE110 ni dizeli ya ukoo wa C: hiyo ilitoka kiwandani na 2C isiyo na tabo. Upande wa Carina ndiyo hivyo hivyo, AT212 ni 5A-FE na CT210 ni dizeli. Bodi ikishakuwa na ndugu yake wa dizeli, matundu ya maunti yapo na vipuri vya kuunganisha vinapatikana. Bodi isiyo na ndugu wa dizeli mimi singeigusa. Na ukikutana na 3C-TE, hiyo E ya mwisho inamaanisha pampu inaendeshwa na kompyuta, utahitaji kompyuta yake na waya zake zote. 2C-T ya pampu ya kawaida haihitaji hayo, ukiipa umeme wa volti 12 kwenye swichi ya kukatia mafuta inawaka.

Ndiyo maana nasema tafuta gari la kuchinja, yaani gari zima la kutolea vipuri, usinunue injini iliyokaa juu ya tairi dukani. Mimi nilichukua Carina ya dizeli iliyogongwa nyuma ikafa bodi. Kutoka humo nilipata injini, gia boksi ya mkono, shafti za mbele, pedali za klachi, kebo ya mafuta, rejeta, stata, waya za mbele, taima na rilei ya plagi za kupasha, springi za mbele na hata saa za dashibodi. Kila kimoja ukikitafuta peke yake Gerezani kule Dar es Salaam au kwenye maduka ya hapa Dodoma, kinakula siku na nauli. Mabaki ya bodi nikayauza skrepa. Kwako wewe gari bora la kuchinja ni CE110. Utaweka 2C isiyo na tabo na utalala usingizi. Ukiitaka tabo kwa nguvu zote, tafuta Vista au Carina ya 2C-T kwa ajili ya injini na bado utahitaji mabano ya CE110.

Kabla ya kulipa, injini uione ikiwashwa ya baridi kabisa. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaipasha, rudi kesho asubuhi. Ikishawaka fungua mfuniko wa oili: moshi mwepesi si tatizo, lakini ikipumua kwa kishindo mpaka mfuniko unaruka, ringi zimekwisha. Fungua rejeta, angalia kama kuna mapovu yasiyokwisha. Kisha iendeshe ipate moto, izime, iache ipoe mpaka jioni, halafu minya hozi ya juu. Ikiwa bado ngumu wakati injini imepoa, moto wa silinda unaingia kwenye maji, na kwenye 2C-T maana yake mara nyingi ni hedi (kifuniko cha juu cha silinda).

Hapo kwenye hedi ndipo injini hii inapoua watu. Bloku ni chuma, hedi ni alminiamu, na ikizidiwa joto hedi inapasuka kati ya valvu. Wanaoiponda 2C-T wanaiponda kwa hilo, na hawajakosea. Ila ukichunguza unakuta nyingi zimeuawa na mfumo wa maji. Rejeta ya petroli ya 5A-FE ni nyembamba kwake, itapoza vizuri ukiwa mtaani Area C hapa Dodoma kisha itakuumbua mlimani. Halafu sisi watu wa Kanda ya Kati tuna balaa letu, maji ya visima yana chumvi. Ukijaza hayo kwenye rejeta, baada ya muda mirija inajaa magamba kama birika la chai. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji ya betri (yale yasiyo na chumvi, si ya asidi), usimruhusu kijana wa kuosha magari akuongezee ya bomba.

Thamostati pia, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta. Mafundi wetu wengi wakiona gari inapanda joto, kitu cha kwanza wanachong'oa ni thamostati. Zile zenye kisahani cha pili nyuma kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa, na unakuwa umeongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Weka mpya na uipime kwenye sufuria ya maji ya moto kabla hujaifunga.

Kuna fundi pampu mmoja, simtaji, aliniambia tuifungue kidogo skrubu ya mafuta gari iende. Nilikataa na nakushauri ukatae. Ni kweli itakwenda, ukikanyaga utaona moshi mweusi nyuma na tabasamu usoni, lakini mafuta ya ziada yasiyo na hewa ya kutosha yanapandisha joto la eksozi, na hilo joto linaishia kwenye hedi ile ile. 2C-T haitakuwa gari la mashindano. Farasi zake hazifikii zile za 5A-FE. Utamu wake ni mvuto wa chini: iko cc 1974, na tabo inasaidia sana huku kwetu ambako Dodoma tu iko juu ya mita 1,100 na petroli isiyo na tabo inakuwa imeshapungua nguvu.

Kipimo changu ni barabara ya Iringa. Mtera bwawani uko kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya 1,500, na katikati kuna milima ya Nyang'oro. Ukipanda pale saa nane mchana umebeba watu na magunia, mfumo wa maji utakuambia ukweli wake. Usitegemee mshale wa dashibodi, unakaa katikati kwa muda mrefu halafu unaruka wakati umeshachelewa. Funga geji ya namba, sensa yake iwe karibu na hedi. Mimi nikiona inapanda nashusha gia na kuachia mafuta, na nikifika juu naiacha isimame silensa kidogo kabla ya kuzima, tabo ipoe na oili yake.

Breki: hili watu wanalisahau mpaka siku ya kujaribu gari. Breki inalainishwa na vakiumu; petroli inaitoa kwenye manifoldi, dizeli haitoi. Kwenye 2C pampu ya vakiumu imefungwa nyuma ya alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Ukiuziwa alteneta ya kawaida isiyo na hiyo pampu, betri itachaji vizuri na pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Usitoke nje ya geti la gereji bila kuijaribu.

Tangi lioshwe likauke, pampu ya umeme ya petroli itolewe kwa sababu pampu ya dizeli inajivutia yenyewe, na weka filta yenye chungio la maji na kipampu cha mkono. Njia ya kurudisha mafuta usiizibe. Betri ya N50 itahangaika asubuhi za mwezi wa saba, weka N70. Taimingi belti badilisha siku hiyo hiyo injini ikiwa nje, inaendesha kamu pamoja na pampu ya mafuta, na ikikatika valvu zinagonga pistoni. Filta ya hewa usinunue ya bei ya chini, vumbi la huku linalamba panga za tabo.

Gia boksi iwe ya dizeli. Ile ya petroli ina gia fupi kwa injini inayopenda kuzunguka sana. Ukiiunga na 2C-T, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inalia na uchumi wa mafuta unautupa dirishani.

Karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, na vyote viwili vimebadilika. Gari ikaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, upeleke TRA kadi ibadilishwe, kisha mjulishe na mtu wa bima. Risiti ya gari ulilochinja itunze pamoja na nakala ya kadi yake, usije ukaulizwa injini umeiokota wapi.

Kuhusu faida, weka hesabu sawa. Bei kikomo za EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kuna miezi dizeli na petroli zinakaribiana kabisa, kwa hiyo usitegemee tofauti ya bei kwenye pampu. Faida iko kwenye kilomita kwa lita. Yangu barabara ndefu inanipa kama 16 ikiwa na mzigo, ile petroli kwa mzigo ule ule ilikuwa haifiki hapo. Mtu anayezunguka Singida mjini, kazini, sokoni na nyumbani, fedha ya mradi huu hatairudisha. Huyo ningemwambia afunge 5A-FE nyingine, injini zipo tele na kila fundi anaijua. Wewe umesema unabeba alizeti kutoka vijijini kwenda Kibaigwa, hapo dizeli inaeleweka.

Ukipata CE110 au Carina ya dizeli, kabla hujatoa hata advansi weka picha tatu hapa: kibao cha chasisi, nyuma ya alteneta, na pampu ya mafuta upande wa skrubu. Kwenye hiyo skrubu kuna sili ya kiwandani. Ikiwa imevunjwa, hiyo hedi ifunguliwe kwanza ndipo mzungumze bei.