Ukipata nafasi ya kwenda Wales, shuka mpaka Nant Gwrtheyrn

Ndugu na jamaa wakija kutembea huku Manchester, swali lao huwa lile lile: tukipata siku mbili tatu, twende wapi? Jibu langu halibadiliki. Nendeni kaskazini mwa Wales, kwenye rasi ya Llŷn, mkaone kitongoji cha Nant Gwrtheyrn. Treni ya pwani inaishia Pwllheli. Kutoka hapo unatafuta usafiri hadi kijiji cha Llithfaen, na kutoka Llithfaen unatembea.

Hata kama umekuja na gari, nakushauri uliache kwenye maegesho ya juu. Barabara inafika hadi chini, lakini njia ya kulijua bonde lile ni kulishuka kwa miguu. Milima ya Yr Eifl imelikumbatia, kilele chake kirefu kina zaidi ya mita 560, na mbele yako ni bahari tupu. Mbuzi mwitu wanapita kwenye majabali mahali ambapo binadamu hawezi hata kusimama. Magoti yakianza kulalamika ndipo utakapoelewa kwa nini wakazi wa zamani waliitegemea bahari kuliko barabara.

Chini kuna safu mbili za nyumba za mawe zilizojengwa na kampuni ya machimbo mwaka 1878, nyumba kubwa ya meneja, na kanisa dogo la Seilo. Usizipite haraka. Wanaume wa hapa walikuwa wakipasua mawe ya graniti mlimani na kuyachonga vipande vya kutandika barabarani, vikapakiwa melini pale pale ufukweni na kupelekwa Liverpool, Birkenhead na Manchester. Tangu nilipolijua hilo, mitaa ya zamani ya mji huu ninaoishi naikanyaga kwa heshima nyingine. Soko la mawe yale lilipokufa, machimbo yakafungwa, watu wakaanza kuhama, na mwaka 1959 wa mwisho wakaondoka. Mapaa yakaanguka.

Hapo hadithi ingekwisha, kama zilivyokwisha za vitongoji vingi. Lakini mwaka 1970 daktari mmoja kijana, Carl Clowes, mzaliwa wa Manchester, alihamia kijiji jirani cha Llanaelhaearn na familia yake. Alikuta shule ya kijiji inatishiwa kufungwa na vijana wanaondoka kwa kukosa kazi. Mwaka 1974 yeye na wanakijiji wenzake wakaanzisha ushirika, Antur Aelhaearn. Kisha wakalitazama lile gofu la kitongoji kule bondeni. Mwaka 1978 wakalinunua kupitia taasisi ya hisani, wakaanza kuzikarabati nyumba, na mwaka 1982 madarasa ya kwanza ya Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa Wales, yakafunguliwa. Tangu hapo watu wazima wanakuja kukaa kwenye nyumba za wachonga mawe na kujifunza Kiwelisi. Clowes, aliyefariki mwaka 2021, ndiye pia aliyeanzisha mwaka 1985 uhusiano wa kudumu kati ya Wales na Lesotho. Jina lake linastahili kujulikana zaidi kwetu Afrika.

Mimi navutiwa zaidi na namna alivyolitazama jambo lenyewe. Hakuhubiri lugha tu. Alitafuta ajira: walimu, wapishi, mafundi, wahudumu, wote wakifanya kazi kwa Kiwelisi katika eneo ambalo kazi zilikuwa zimekauka. Mzazi akipata riziki nyumbani, mtoto anakulia kwenye lugha yake.

Ukifika, ingia kwanza Seilo, maana sasa ni mahali pa kuelezea historia ya bonde. Halafu teremka ufukweni ukaone mabaki ya machimbo. Chakula kipo Caffi Meinir, na hilo jina lina kisa chake. Meinir alikuwa bibi harusi wa Rhys. Asubuhi ya arusi alijificha, kama ilivyokuwa desturi, wenzake wakamtafuta wasimwone. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye radi ilipasua mwaloni mkubwa, na mifupa yake ikaonekana ndani ya gogo, bado imevaa gauni.

Wasalimie watu kwa lugha yao, hata ukijua "bore da" na "diolch" tu, yaani habari ya asubuhi na asante. Na tafadhali usiwaite Waingereza; wao ni Wawelisi. Ukiwa na nguvu siku ya pili, panda Tre'r Ceiri, ngome ya kale juu ya kilele kimojawapo cha Yr Eifl, yenye kuta za mawe na mabaki ya vibanda vipatavyo 150. Jioni rudi Llithfaen ule Tafarn y Fic, baa ambayo wanakijiji wenyewe ndio wamiliki.

Kwa viongozi wa vyama vyetu vya Waswahili hapa Uingereza nina ombi. Kila mwaka tunakaa vikao kuhusu watoto wetu kutojua Kiswahili, tunalaumu shule, tunalaumu televisheni, tunatawanyika. Safari ijayo ya chama tusiipeleke kwenye bustani za michezo. Tukodi basi, tuwachukue wazazi pamoja na watoto, tulale kule bondeni, na tuwaombe wenyeji watueleze walianza vipi, fedha walizipata wapi, na nani alifundisha darasa la kwanza.