Goba au Madale? Nimekaa kote kuwili, ngoja nikwambie

Mkuu swali lako nimelisoma mara mbili. Una milioni 80 za kununua nyumba hapa Dar, shemeji anafanya kazi Mwenge, wewe Posta, watoto wawili wadogo, mmeonyeshwa nyumba mbili, ya Madale kubwa ina fensi na tailizi kila chumba, ya Goba ndogo na haijaisha ila dalali anasema "hapa uko mjini kabisa". Naona waliotangulia kukujibu wameshageuza Simba na Yanga. Mi nimepanga Madale miaka mitatu, 2016 mpaka 2019, alafu nikanunua boma Goba, yani kuta tu bila paa, nikapaua nikahamia, na mpaka leo ndo niko huku. Sina kiwanja nauza na wala sio dalali.

Nianze na barabara. Goba na Madale ni majirani wa kuombana chumvi. Lami inayotoka Mbezi Mwisho inapita Goba, inaenda Madale, inashuka Wazo kwenye kiwanda cha saruji na kutokea Tegeta Kibaoni, ni njia moja hiyo hiyo. Kiserikali Goba iko manispaa ya Ubungo na Madale iko Kinondoni, kwahiyo kibali cha ujenzi na mambo ya ardhi utayahangaikia ofisi tofauti, ila hilo sio la kukufanya uchague. Kinachotakiwa kukuumiza kichwa ni unatokaje asubuhi.

Goba ina milango mitatu. Ukitaka Bagamoyo road unashuka Tangi Bovu, ukitaka Morogoro road unaenda Mbezi Mwisho, na ukitaka kukata katikati unapita Makongo Juu unatokea pale Chuo cha Ardhi na Chuo Kikuu, hapo Mlimani City na Mwenge ni pua na mdomo. Madale ukitoka unashuka Tegeta uingie Bagamoyo road ukaanze kuila foleni kuanzia huko, au unageuka unakuja kupita Goba, yani unakuja kuungana na sisi tu. Kipindi nakaa Madale kazi yangu ilikuwa Kariakoo, nilikuwa naamka saa 10 na nusu alfajiri, saa 11 niko kituoni, na jioni nafika saa 3 mpaka saa 4 kama kuna lori limelala njiani. Mtoto nilikuwa namuacha amelala namkuta amelala. Mama watoto ndo alisema basi, tutafute pengine.

Kwahiyo kwa njia tu, kwa shemeji wa Mwenge Goba imeshinda, wala tusibishane. Wewe wa Posta utaenda Mbezi Mwisho, upande gari nyingine mpaka Kimara, udandie mwendokasi, na kama hujawahi kugombania mwendokasi Kimara saa 12 asubuhi mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa basi jiandae kisaikolojia.

Sasa hesabu zangu na mimi ziliishia hapo hapo, nikapigwa.

Nilinunua boma la vyumba vitatu lililokuwa limefika kwenye lenta, milioni 31, mwezi wa tisa, jua kali, ardhi kavu kama biskuti. Kutoka lami mpaka getini ni kama mita 900. Dalali alinipeleka na Noah yake tukashuka kile kilima bila shida, nikamwambia mama watoto hii ni dakika tatu tu. Masika ya 2020 ilipoanza nikajua zile mita 900 ndo nyumba yenyewe. Maji yanashuka kutoka juu yanachimba barabara katikati, unabaki na mfereji wa kuzama goti, gari nilikuwa naiacha kwa mangi mwenye duka pale juu nalipa elfu 2 kwa usiku, nashuka na mabuti kama mkulima. Boda ya elfu 1 mvua ikinyesha inakuwa elfu 3, usiku wanakataa kabisa. Na hiyo ni kuishi tu, kujenga sijasema. Lori la mchanga dereva alifika kwa mangi akaangalia kile kiteremko akacheka, akamwaga pale pale juu, ikabidi nitafute vijana wa guta na matoroli kushusha. Tripu moja nililipia kama tripu moja na nusu, na hivyo hivyo kwa kokoto, tofali, saruji, bati. Nilivyokaa na daftari mwisho, milioni 31 zile za "bei nzuri" zilikuwa zimeniongezea karibu milioni 4 za kushusha vitu kilimani. Jirani yangu aliyenunua juu karibu na lami alilipa milioni 6 zaidi yangu na mi nilimuona mjinga.

Ndo maana nakwambia usiulize Goba au Madale, uliza kutoka lami mpaka getini kukoje. Kuna Goba iko nyuma ya lami unasikia honi za daladala ukiwa kitandani, na kuna Goba ambayo ukimwambia boda jina la mtaa anakuangalia mara mbili. Na Madale vile vile, ukikaa karibu na lami unakula raha kuliko mimi wa Goba bondeni. Majina ya maeneo wanayavuta madalali kama ulimbo, utakuta mtu anauziwa "Goba" alafu akifika ni pori la mbele huko hata mwenyeji wa Goba hapajui.

Kingine mabonde. Huku kote ni milima na mabonde, na makorongo yanakula ardhi kila mwaka, bonde letu mvua za mwisho wa 2023 na masika ya 2024 liliondoka na choo cha nje na kona ya fensi ya mtu mmoja. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto pasijengwe kitu cha kudumu, so kama hiyo nyumba iko kando ya mto hata kama ni nzuri kama Masaki usiiguse, siku ukiambiwa ubomoe hakuna wa kumlilia. Mimi niko mbali na mto ila nimejenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo upande wa chini, hela ambayo kwenye bajeti haikuwepo kabisa.

Maji. Madale tulipokuwa tumepanga bomba lilikuwa linatoka mara mbili kwa wiki, usiku, unaamka kujaza simtanki la lita 2,000. Goba kwangu presha ndogo, wa chini zaidi yangu wanapata kwanza. Hapo usimsikilize dalali, usimsikilize hata mimi, kagonge geti la jirani umuulize jana maji yalitoka? na angalia wangapi wana simtanki kubwa na kama boza linapita mitaa hiyo. Mtaa wenye maboza mengi, umeshajua bomba halitoki.

Kuhusu makaratasi nina kisa. Kabla ya Goba tulikuwa tumeshapenda nyumba Madale, tambarare, dakika mbili toka lami, muuzaji mzee mpole, bei milioni 45, na mimi nilikuwa tayari kutoa advansi. Mama watoto akaenda kununua mkaa kwa bibi mmoja pale jirani, wakapiga story, bibi anamuuliza "kwani mama mwenye nyumba amesharudi Morogoro?" Kumbe mzee ana mke, wamejenga wote, mke yuko kwao anauguza na hana habari kama nyumba inauzwa. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, ungenunua afu mama akarudi na kesi, wewe na hela yako mnakutana mahakamani. Tulirudi nyumbani kimya. Bibi wa mkaa hakutudai hata senti, madalali watatu walikula elfu 20 kila mmoja za kutupeleka saiti na hakuna aliyesema neno.

Kwahiyo muulize huyo muuzaji wa Madale ana hati, au ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, au ni eneo la urasimishaji ambapo kiwanja kimepimwa kina namba na bikoni za mipaka ila hati haijatoka. Hivi vitu vitatu madalali wanaviita vyote "imepimwa". Kama ana hati, chukua kopi ukafanye sachi ardhi wewe mwenyewe, uone jina ni lake kweli na kama haijawekwa rehani benki. Kama ni karatasi ya mtaa, sio kwamba usinunue, mimi nilinunua hivyo hivyo, ila uwe na majirani wa pande zote nne wakisaini, mke au mume wa muuzaji awepo, watoto wakubwa wawepo, na wakili. Na upande wa Wazo kuwa makini zaidi, mgogoro wa wakazi wa mtaa wa Chasimba na kiwanda cha saruji kuhusu ardhi ulikaa mahakamani miaka na watu walikuwa wameshajenga na wanazaa wajukuu.

Ningekuwa wewe? Kwa shemeji wa Mwenge na watoto wadogo ningechukua Goba hata kama ni ndogo, ILA umesema iko "ndani kidogo" na hujasema ni ndani kiasi gani. Kidogo ya dalali mi naijua. Ikizidi mita 400 na kuna kiteremko, chukua ya Madale kama karatasi zake zimenyooka, bora foleni umekaa kwenye siti kuliko kubeba mtoto mgongoni kwenye tope saa 12 asubuhi school bus inapiga honi huko juu. Alafu hiyo ya Goba haijaisha, hesabu finishing na bei ya kushusha vitu, usije ukasema umebakiza milioni 20 kumbe umebakiza milioni 13.

Hiyo advansi ya milioni 5 uliyosema unadaiwa kabla ya ijumaa usitoe. Jumatatu asubuhi panda daladala na shemeji kutoka kila nyumba mpaka Mwenge, mkiwa mmevaa nguo za kazi, mpige saa. Na mvua ikishika wiki hii nenda kaione ya Goba siku hiyo hiyo, usisubiri pakauke. Ukitaka kampani niambie, mabuti ninayo pea mbili.