Mlima haukuwa zawadi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu jikoni. Unasema mwenzako wa kazini hapo Dar es Salaam amekuchokoza mbele ya watu: eti Kilimanjaro ilikuwa yetu Wakenya, Malkia Victoria akamtunukia mjukuu wake wa Ujerumani siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka umepinda. Ukakosa la kujibu, ukaniuliza, "Mama, ni kweli?" Si kweli. Nimefundisha darasa la saba miaka mingi mno kukubali mtoto wangu mwenyewe ashindwe na hadithi hiyo.

Mwambie ahesabu miaka. Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka huo mwaka 1886. Huyo mjukuu, Wilhelm II, alikalia kiti mwaka 1888. Wakati mpaka unapindwa, babu yake wa upande wa baba ndiye aliyekuwa mfalme, na kijana bado anasubiri.

Waliopinda mstari ni sisi. Ndiyo, Taveta hii hii ya vumbi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuja Kilimanjaro, ametumwa kukusanya mimea na wanyama, akaondoka pia na mkataba aliouandikisha kwa wazee wa Taveta. (Kama wazee walielewa walichokitia alama, hiyo ni kesi nyingine.) Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Jühlke naye akapata karatasi yake kwa Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Basi walipoketi kugawana, kila upande ulikuwa na karatasi mkononi. Wakaandika kwamba mstari utoke mdomo wa mto Umba kule Vanga hadi Ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini ya ziwa, uvuke mto Lumi, kisha ukate katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uambae chini ya mlima upande wa kaskazini, ndipo uelekee Ziwa Victoria. Fungua ramani uufuate kwa kidole. Pale unapopinda ndipo ulipozaliwa.

Utauliza Taveta ilikuwa na nini cha kugombewa. Njia, mwanangu. Misafara ya Waswahili kutoka Pwani ilitua hapa kabla ya kuingia Umasaini. Palikuwa na maji ya Lumi, ndizi na kivuli, na juu ya yote usalama, kwa kuwa msitu ulikuwa mnene na vijia vyake vimezibwa kwa malango. Wapagazi walikaa siku nyingi wakila na kutunga shanga zao upya, maana Wamaasai walikuwa wachaguzi wa shanga. Kiswahili kilifika Taveta kwa miguu, kabla ya shule yoyote. Wakikucheka tena Nairobi kwamba unaongea kama Mtanzania, wajibu hivyo.

Habari za Vita vya Kwanza vya Dunia unazijua, nilikupandisha kilima cha Salaita ukiwa na miaka tisa ukalilia maji njia nzima. Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 wakawarudisha nyuma wanajeshi wa Afrika Kusini pale Salaita, lakini mwezi uliofuata wakaondolewa. Reli ya kutoka Voi ni mtoto wa vita hivyo.

Mimi mpaka wenyewe niliujua mwaka 1977. Kabla ya hapo ulikuwa kitu cha kwenye ramani ya mwalimu. Tulikwenda Himo, ng'ambo ya Tanzania, kama mtu anavyokwenda kisimani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mwezi wa pili Tanzania ikafunga, na shangazi yangu aliyeolewa Himo akawa ghafla mtu wa nchi nyingine. Usiku ndio watu walipita, kwa njia za panya: sabuni na sukari kwenda kule, kahawa kuja huku.

Siku moja mama mmoja wa magendo alileta habari kwamba shangazi amefariki. Nyanya yako (au niseme bibi yako, maana Dar siku hizi nyanya kwako ni ya mchuzi) alifunga khanga, akachukua miche mitano ya sabuni, akaiweka kichwani. Nikamuuliza, mama, msibani na sabuni? Akaniambia, "Nikikamatwa na sabuni, mimi ni mlanguzi, na mlanguzi huelewana na askari. Nikikamatwa na machozi, nitampa nini?" Alifika wakiwa wameshazika. Alikaa kwa wafiwa saa chache tu, akarudi kabla ya alfajiri na mkungu wa ndizi waliompa, na hakulia mpaka alipoutua. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Kaburi lile alilitembelea mchana kwa mara ya kwanza akiwa ameshaanza kutembelea mkongojo.

Siku hizi kuna kituo cha pamoja mpakani, tangu 2016, unagongewa muhuri wa nchi zote mbili mahali pamoja, na malori hayalali tena foleni kama zamani. Panya nao hawajahama, nisikudanganye. Ila soko letu la Jumatano na Jumamosi ndilo lile lile. Juzi nilinunua maharage kwa mama mmoja wa Rombo. Akanitajia bei kwa shilingi za kwao, nikalipa kwa za kwetu, chenji akanipa mchanganyiko, na hakuna aliyetoa kikokotoo. Tulibishana juu ya kipimo tu. Alitaka kunipunja debe.

Sasa, huyo mwenzako. Kabla hujamshushia hiyo 1886, muulize kwanza kwao ni wapi. Akisema Himo, muulize na jina la bibi yake, kisha nipigie mimi kabla hujafungua mdomo.

Mama yako