Uzi wa kushonea upya ala kongwe ya bastola

Wageni wa kazi hii huanza kwa kutafuta uzi wa umri mmoja na ala, yaani mfuko wa ngozi wa kutilia bastola. Umeshika M1916, ile ala ya kahawia ya jeshi la Marekani yenye herufi US kwenye kifuniko, nyuma ina mhuri wa Rock Island Arsenal, kiwanda cha silaha cha jeshi hilo, na mwaka 1918, basi unahangaika kutafuta uzi wa enzi hizo. Ukiupata, kata sentimita 30 uvute kwa nguvu kabla hujafurahi. Kitani, yaani uzi wa mmea wa flaksi, kilichokaa vibaya miaka mia moja mara nyingi hukatika kama jani kavu. Uzi unaofaa ni unaolingana na ule wa zamani kwa aina, unene na msokoto, hata kama umetengenezwa mwaka jana.

Na ni kitani, si katani. Katani ya Tanga ni ya kamba na magunia. Kwenye ngozi itakwaruza matundu tu.

Anza na kipande kilicholegea chenyewe. Choma nusu sentimita: kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Kikiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, hiyo ni nailoni au poliesta, na nailoni ilitangazwa mwaka 1938, kwa hiyo ala ya 1918 ilikwisha kushonwa upya na mtu mwingine. Taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, husaidia pia: nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake. Pamba huungua sawa na kitani, hivyo moto peke yake hautoshi. Fumua ncha: nyuzinyuzi za kitani ni ndefu na zina mng'ao, za pamba ni fupi na hutoka manyoya.

Ukiwa umeshafumua, hesabu kamba ndogo zilizosokotwa pamoja. Tazama kwa lenzi kama msokoto unalala kama mstari wa kati wa herufi Z au wa S. Rangi isome ndani ya tundu, maana ya nje imebadilishwa na mafuta na jasho.

Dukani utakuta namba kama 18/3. Ya kwanza ni wembamba wa kila kamba, na ikipanda uzi unapungua unene; ya pili ni idadi ya kamba. Kwa hiyo 18/5 ni mnene kuliko 18/3. Waulize wauza vifaa vya kujalidi vitabu kabla ya wauza vitu vya kale: kitani bado ndicho chakula chao cha kila siku, na bei yao haina chumvi ya historia.

Ukitaka kuufifisha uzi mweupe, uloweke kwenye chai kali ya rangi, ukauke kabisa, ndipo uupitishe kwenye nta ya nyuki mara 3 au 4. Ukitanguliza nta, chai haitaingia. Kisha usugue kwa kitambaa mpaka upate joto, nta inywewe.

Kwa mshono wa sentimita 20 kata uzi wa kama mita moja, weka sindano butu kila ncha. Butu, kwa sababu yenye makali itachana ukuta wa tundu au kutoboa uzi wa zamani. Usitoboe tundu jipya hata moja. Ngozi kongwe yenye matundu mawili yaliyosogeleana huchanika kama stempu.

Usikate uzi wa zamani ulio mzima. Anza matundu 3 kabla ya pengo, juu ya uzi uliopo, na kila tundu lipitishe sindano zote mbili, ya upande uleule ikitangulia daima; ukibadilisha mpangilio mshono utayumba. Vuta mpaka uzi ulale, usizame. Anayevuta kama anashona tandiko jipya ndiye anayepasua ala. Ukimaliza pengo, pita matundu 3 mbele yake, rudi nyuma 2, kata karibu na ngozi. Hapahitajiki fundo, na kuchoma ncha kwa kiberiti ni kazi ya nailoni.

Mafuta yasitangulie mshono: hulainisha ngozi na matundu hutanuka. Ngozi ikiacha unga mwekundu vidoleni, usiishone kabisa. Imeoza, na uzi imara utaikata kama waya unavyokata sabuni. Vipande vya uzi wa zamani vilivyotoka vitie kwenye bahasha pamoja na ala, uandike ulichoshona na tarehe, ili mnunuzi wa kesho asiuziwe mshono wako kwa bei ya 1918.