Maswali ya Wasomaji: Miji ya Kifaransa Majani Yakipukutika

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mama yangu, mwenye miaka 63, tunataka kutembea siku kumi mwezi wa Oktoba: Paris, Brussels, Strasbourg, Lyon na Geneva. Yatawezekana? Na baridi, mama ataimudu?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Punguzeni miji. Kila mnapohama, nusu siku huishia kwenye mizigo, stesheni na kutafuta hoteli, na mwenye kuchoka kwanza ni mama. Brussels iacheni. Laleni Paris usiku nne, Strasbourg mbili, Lyon tatu, kisha ndege ya kurudi nyumbani mpandie Geneva. Treni ya kasi, TGV, kutoka Paris, stesheni ya Gare de l'Est, hadi Strasbourg ni mwendo usiotimia saa mbili. Strasbourg hadi Lyon ni mwendo wa kama saa nne, Lyon hadi Geneva kama mbili. Kateni tiketi mapema: nauli hupanda kadiri viti vinavyokwisha, na kuanzia katikati ya Oktoba au baadaye kidogo shule hufungwa wiki mbili, treni zikajaa familia.

Viza moja ya Schengen inatosha Ufaransa na Uswisi. Iombeni kwa Ufaransa, kwa kuwa ndiko mtakakolala zaidi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla ya safari, lakini msingoje hadi hapo. Nyote wawili mfike Nairobi wenyewe kutoa alama za vidole. Bima iwe ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iwe hai miezi mitatu baada ya kutoka huko. Kinachoharibu ombi ni karatasi zisizokubaliana, mathalani bima kwisha tarehe 18 na ndege kuondoka tarehe 19. Zipangeni mezani, mlinganishe tarehe moja moja.

Saa nazo zina mtego. Tiketi ikiandikwa 14:04 ni saa nane na dakika nne mchana, na milango ya TGV hufungwa dakika mbili kabla. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao hurudishwa nyuma. Simu hujirekebisha, saa ya mkononi haijirekebishi.

Baridi mama ataimudu akivaa sawasawa. Paris mchana hufika kama nyuzi 16, alfajiri huwa chini ya 10. Kinachomtesa mtu wa pwani ni miguu kulowa. Avae fulana ya mikono mirefu, sweta, koti lisilopitisha maji, na viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira. Buibui lipandishwe pindo hadi juu ya kifundo: likiburura hunyonya maji, na hunaswa na meno ya ngazi za umeme. Mtandio hauna neno barabarani, lakini nikabu imekatazwa na sheria hadharani, Ufaransa na Uswisi pia.

Paris, jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne na lile la Orsay Jumatatu. Strasbourg, saa kubwa ya kanisa kuu huonyesha mitume wakipita saa sita na nusu mchana, si Jumapili. Lakini msiinyime Lyon siku zake. Mji wake wa kale una traboules, njia zinazopenya ndani ya majumba kutoka mtaa hadi mtaa, na mtu wa Mkomani atajiona yuko vichochoroni kwao. Ingieni 54 rue Saint-Jean: bonyezeni kitufe kando ya mlango, usukumeni, mpite ua hadi ua mpaka mtokee 27 rue du Bœuf. Nendeni asubuhi na msipige kelele, watu wanaishi mle. Kilima cha Fourvière mama apande kwa treni ya kamba kutoka Vieux Lyon. Ngazi za pale ni nyingi mno.

SWALI: Paris nitaswali wapi Ijumaa?
Msomaji, Shela

JIBU: Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, uko wilaya ya 5 ya mji (5e arrondissement). Shukia metro ya Place Monge, utembee dakika chache. Fika mapema, na udhu uje nao.